Aliyeyataja Mapigo

Habari ilinifikia hapa Nachingwea Jumatatu asubuhi: mwalimu mwenzangu wa zamani, yule aliyesomea kilimo Kuba akarudi na Kihispania kisicho na mtu wa kuongea naye, amefariki. Figo, wamesema. Figo zile hazikujiharibu zenyewe, msomaji wa safu hii niliyoianza gazetini nikingali mwalimu, nami nina hasira tangu siku hiyo.

Wakati wa mapumziko alinifundisha lugha ile nitake nisitake. "Sisi neno tunaligeuza kichwani, wenzetu mkiani," alikuwa akisema. Meza kwao ni mesa, kimeza ni mesita. Mkia alioupenda zaidi ni -azo, unaofanya kitu kiwe pigo: palo ni fimbo, palazo ni pigo la fimbo. Tulicheka, tukarudi kusahihisha madaftari.

Msimu mmoja wa korosho tulikwenda Ruangwa, tukakuta yowe sokoni. Mwanamume wa Nambilanje alikamatwa na gunia kwenye baiskeli, wakasema la wizi. Yowe lina sheria yake: ukifika, unapiga moja, maana aliyepiga hawezi kuwa shahidi. Sikio la mtu yule lilikuwa linaning'inia, meno yako mchangani. Mzee mmoja akanipa kipande cha tofali. "Piga moja, Mwalimu, usitutazame tu." Nikakipokea.

Mwenzangu akajitupa juu ya yule mtu. Fimbo zikamshukia mgongoni, mchi ukatua kiunoni, damu ikamtoka puani. Naye akawa anayataja mapigo kwa sauti, palazo, palazo, moja baada ya jingine. Mwenye mchi akarudi nyuma. "Huyu anatusomea albadiri. Mie simo." Wakatawanyika wote, wakimkimbia Mkatoliki wa kubatizwa. Jioni ikajulikana gunia lilikuwa la mkwewe yule mtu, na mkwe ndiye aliyemtuma.

Hospitalini, akikojoa damu, nilimuuliza kwa nini aliyataja. "Kila pigo lina mwenyewe. Nyie wa magazeti mnaandika wananchi wenye hasira kali, basi hakuna aliyepiga." Akanitazama, akaongeza taratibu: "Tofali ni ladrillo. Pigo lake, ladrillazo." Hakulitaja tena mpaka anakufa.

Juzi yule mtu wa Nambilanje alibeba jeneza, nami nikashika upande wa pili, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Aliyepiga aseme amepiga. Lile tofali nililirusha mimi, na lilimpata mwenzangu.