Mama Hakuwa Jiwe la Tela

Jumapili, tarehe tisa. Asubuhi mawingu yalikusanyika upande wa milima tukadhani vuli imekuja. Kufika adhuhuri yametawanyika, jua linachoma, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Nimerudi Kilole kutoka kwenye hitma kijijini kwetu, upande wa Handeni, nikiwa na hasira, na ndiyo sababu naandika. Shule niliishia darasa la saba, sijui kama maneno yatakaa sawa. Njiani, kwenye mteremko, tulipishana na pikapu inayovuta tela, nikaisikia ile harufu ya breki zinazoungua, na msimu ule wa mahindi, nikiwa na miaka kumi hivi, ukanirudia wote.

Wakati ule barabara ya Korogwe ilikuwa ya vumbi jekundu, na gari letu la kwenda gulioni lilikuwa pikapu ya Sefu, yenye tela la ekseli moja, mhimili mmoja wa magurudumu mawili. Magunia ya mahindi yanapanda kwenye tela, kina mama wanakaa juu ya magunia, sisi watoto tunabanana katikati yao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Sefu alijua kazi. Hata sisi watoto alitueleza kwamba tela la namna ile ni kama pembea ya ubao. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, mkono wa tela ulioshikana na pikapu unanyanyuka na kuinua makalio ya pikapu, matairi hayakamati barabara, na kwenye mteremko tela linaanza kutikisa mkia. Ukizidi sana mbele, pikapu inachuchumaa, pua inatazama juu, usukani unakuwa mwepesi mno. Basi mzigo uegemee mbele ya ekseli, kwa kiasi. Nimewasikia na mafundi wa siku hizi wakisema vilevile, kwa hiyo simsingizii.

Ila magunia hakuyapanga hivyo. Yale ya kushushwa kwanza aliyaweka nyuma kabisa asipate shida ya kuyafukua, kisha uzito uliopungua mbele akaujazia kwa kina mama. Na mama yangu alikuwa mnene. "Mama Mwajabu, pita mbele! Jiwe letu limefika!" Utingo naye anadakia: "Mama huyu akishuka, gari linapaa!" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mama anakaa pale mbele kabisa, vumbi la matairi na moshi wote ni wake, akifika Korogwe hata kope ni nyekundu.

Siku moja aliamka mguu umevimba. Akamwambia Sefu kwa upole, "Baba, leo mbele sikai, nataka kunyoosha mguu. Hamisha gunia mbili zije huku, mimi nikae nyuma."

"Gunia likishapakiwa limepakiwa. Wewe ndiye unayehamishika."

"Basi nashuka."

"Shuka! Tuone kama utatembea mpaka Korogwe na mwili huo."

Mama akashuka, akanishika mkono, tukarudi nyumbani anachechemea. Sefu akaondoa gari vilevile, hakugusa hata gunia moja.

Mchana habari ikafika. Kwenye mteremko tela lilitikisa mkia, likapinduka. Bi Tatu, jirani yetu, alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembelea fimbo. Sefu akasema, na kijiji kikaitikia: "Mama Mwajabu angekaa mahali pake, lisingeanguka." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ule walimtwika mama kwa urahisi kabisa. Akawa "aliyeangusha tela". Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao mbali na yake. Yeye akawa anamtekea Bi Tatu maji kila asubuhi mpaka masika, hakuna aliyemtuma, kama mtu aliyehukumiwa. Mwisho tukahamia huku Kilole.

Najaribu kuwa wa haki. Angekaa, huenda tela lisingepinduka. Nimelipindua jambo hili mara nyingi na bado nasema huenda. Lakini usukani alishika nani? Magunia alipakia nani? Aliyejua hatari kuliko wote ndiye aliyeondoka nayo akijua, na yeye hakuitwa jina lolote.

Leo kwenye hitma mzee mmoja kanionyesha kwa wageni: "Huyu ndiye binti wa yule aliyeangusha tela." Wakacheka, pilau mdomoni. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee. Yale magunia alipanga nani?" Akajibu, "Ah, mwanangu, utani tu huo." Utani! Barabara sasa ni lami, mahindi yanakwenda kwa lori, na watu wanaopanda juu ya tela ni nadra siku hizi kuwaona. Kila kitu kimebadilika isipokuwa jina walilompa mama.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama, nilitegemea aniambie niache, maana siku zote husema niache. Alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua macho. "Yule kijana Sefu nilimzidi umri mbali," akasema. "Msimu mzima hakuwahi kunipa shikamoo. Alikuwa ananipima tu kwa macho."

Nikakaa naye, tukachambua mlenda pamoja. Jioni tumekula ugali, mlenda na dagaa wa kukaanga.