Agbada la Mzee Adigun

Tangu baba yake apigwe na kiharusi, Ibidun hakuweza kukaa kitako. Alisahihisha madaftari ya hesabu akiwa amesimama, akala akizunguka meza. Mzee Adigun alikuwa mtu wa kutoka kila asubuhi na agbada lake, joho pana la mikono mirefu, hata akienda kununua betri tu. Sasa huu mwezi wa nne alishinda kitini barazani na fulana, mkono wa kulia umekufa, maneno yakimtoka kwa nadra.

Jumatatu moja Ibidun alifungua sanduku la mzee aanike nguo, nondo wasizimalize. Akatoa agbada lile la hariri ya kienyeji, rangi ya mchanga mkavu. Akalijaribu. Kabla hajajishauri vizuri, akatoka nalo.

Shangazi Wuraola, aliyekuwa jikoni akikoroga uji wa mgonjwa, alimwona akipita.

"Vua! Unamrithi mtu yu hai?"

"Shangazi, nachelewa."

"Watasema kaka yangu amekufa, tumemficha ndani!"

Ibidun alitokea mlango wa nyuma, baba yake asimwone. Juu ya pikipiki joho likajaa upepo. "Mama, kunja hilo tanga, tutapaa!" dereva akapiga kelele. Shuleni, Olabanji wa jiografia alijilaza kifudifudi mbele yake katikati ya chumba cha walimu.

"Mfalme wetu! Tumekosa nini hata ukaja mwenyewe?"

Alicheka pamoja nao, lakini moyo ulikuwa juu juu. Darasani mkono wa joho uliteleza ukafuta nusu ya hesabu ubaoni, wasichana wakaziba vinywa. Kutwa nzima maneno ya shangazi yalimtafuna. Je, kama kweli amemtabiria mzee kifo? Kipindi cha mwisho hakukimaliza vizuri. Alikimbilia nyumbani.

Mzee alikuwa barazani. Alimtazama kuanzia miguuni hadi shingoni.

"Baba, nisamehe. Navua sasa hivi."

"Ha-pana."

Akashika kiti kwa mkono wa kushoto, akajisukuma, akaanguka nyuma. Akajisukuma tena. Wuraola alikuja mbio kumshika, mzee akamzuia kwa jicho. Na hapo, peke yake, akasimama. Akaukamata mkono wa joho, akautupia begani kwa Ibidun, ukateleza. Akauteremsha, akaukunja upya chini zaidi, akautupa. Safari hii ukakaa.

"Hivi," alisema, jasho likimtiririka. "U-mevaa kama... shuka."

Wuraola alijifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, asionekane akilia.

Asubuhi iliyofuata, mzee alikuwa akigonga mlango wa Ibidun kwa fimbo. Alitaka lake la buluu, avae mwenyewe. Mkono uliokufa ulikataa kuingia.

"Vuta huku!"

"Utamvunja, shangazi!"

"We-nda-wazimu nyie," mzee alisema, na hilo lilikuwa neno refu kuliko yote tangu augue.

Iliwachukua nusu saa. Kipindi cha kwanza kikampita Ibidun. Kando ya barabara alingoja pikipiki, akibadilisha mguu huu na ule, akigeuka kila mara kutazama kama baba yake bado amesimama mlangoni. Alipogeuka mara ya nne, mzee alikuwa amekaa, anamwita kwa sauti mchuuzi wa magazeti.