Kandambili Kwenye Foleni ya Gurudumu

Kwetu ndoo ni mtu. Ukishaiweka ndoo yako kwenye foleni ya bomba la mtaani, unaweza kurudi nyumbani ukaunge mchuzi, ukaogeshe mtoto, ukaswali, na foleni ikisogea, aliye nyuma yako ataisukuma ndoo yako mbele kwa mguu kama anayemwambia jirani sogea. Asiye na ndoo huweka kandambili. Zahanati nako ni hivyo hivyo. Alfajiri, kabla mganga hajafika, barazani pamejaa viatu, mawe na vipande vya matofali, na kila jiwe lina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Tunagombana kwa mambo mengi hapa Bagamoyo, lakini sijapata kuona jiwe likirukwa.

Anayepishwa anapishwa kwa sababu. Akija mtu akasema maji haya ni ya kuoshea maiti, watu huondoa ndoo zao bila kuuliza maiti ni nani. Zahanati hupishwa mwenye uchungu wa kuzaa, na mtoto anayetetemeka kwa degedege. Tajiri hajawahi kupishwa pale bombani. Si kwamba sisi ni wema sana, ni kwamba matajiri wana visima vyao.

Nayasema haya mapema ili msomaji aelewe kilichomponza dada yangu.

Dada ni mkubwa kwangu, na ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Tulikulia upande wa Mbegani, karibu na mashamba ya chumvi. Kazi yangu ilikuwa kupanda minazi na kuangua, kazi yake kuokota na kupanga chini. Mtoto wa kike hapandi mnazi. Walituambia mnazi ukipandwa na mwanamke huacha kuzaa, na kwa vile hakuna aliyethubutu kujaribu, neno likabaki kuwa kweli. Basi yeye alisimama chini ameinua uso, akiniuliza.

"Unaona nini?"

"Mashamba ya chumvi."

"Na nyuma yake?"

"Mikoko."

"Na nyuma ya mikoko?"

"Bahari."

"Na nyuma ya bahari?"

Hapo nilimwambia asogee, nadondosha nazi.

Aliolewa Miono, akalima mananasi na ufuta, akazaa, akafiwa na mume, akaendelea kulima. Kisha macho yakaanza. Kwanza alijikwaa, akadhani ni uzee. Baadaye akawa anapishana na watu njiani bila kuwaamkia, na kwao mtu asiyeamkia watu husemwa. Daktari wa macho wa mjini alisema ni presha ya macho, kwamba dawa ya matone itasaidia kulinda kilichobaki, ila kilichokwenda kimekwenda, na kilichobaki ni kidogo, nacho hakitakaa sana. Nilimuuliza dada anaonaje. Akasema anaona kama anayechungulia ndani ya bomba: katikati pako wazi, pembeni giza. Na bomba lenyewe lilitaka jua. Jua likishuka tu, alikuwa hana tofauti na aliyefumba macho.

Kila mwezi alitoka Miono, akateremka Msata, akashika basi la kuja kwangu, na kesho yake nikampeleka hospitali mjini. Njiani, kabla hatujaingia jijini, kuna kiwanja cha michezo ya watoto na wakubwa, kando ya bahari, na juu ya miti yake hutokeza gurudumu kubwa la bembea lenye vibanda vya kukalia. Siku moja alilielekezea uso mpaka likapotea nyuma yetu.

"Kile wanapanda wanawake?" aliniuliza.

"Kila mtu anapanda."

"Basi nami nataka nipande. Nikaone mwenyewe, macho yangali yapo."

Hakuwa mtu wa kuomba. Tangu nimjue, hilo lilikuwa la kwanza. Nikamwambia tutakwenda Idi pili.

Tulifika baada ya Adhuhuri. Dada alivaa dira jipya la Idi na mtandio wa kijani, na kandambili, kwa sababu alisema viatu vya kisigino vingemwangusha. Pale langoni tulilipa kiingilio kama watu wote, na cha gurudumu tukalipa kama watu wote, tukajipanga. Foleni ilizunguka kibanda cha bisi, ikapita choo, ikarudi. Jua lilikuwa kali na dada alilifurahia. Alikuwa anaona. Alinionyesha kilele cha gurudumu kwa kidole, akacheka.

Foleni haikusogea. Kwa muda nilidhani mtambo umeharibika, lakini gurudumu lilikuwa linazunguka na watu wanashuka wakicheka. Ndipo nikaona kuna mlango wa pili, wenye kibao cha Huduma ya Haraka. Waliokuja pale walikuwa na bangili za plastiki za njano mkononi. Kijana wa langoni aliwaingiza wao kwanza, vibanda vikajaa, na kilichobaki, kimoja au viwili, ndicho kilichopewa foleni yetu. Walioshuka wenye bangili walizunguka, wakapita tena kwenye mlango ule ule.

Dada hakuviona vizuri vya pembeni, ila alisikia vicheko.

"Wale wana nini?"

"Wana bangili."

"Wamefiwa?"

"Hapana, Dada."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Wamelipa."

"Sisi hatukulipa?"

"Wao wamelipa zaidi, ili wasisubiri."

Akauliza, "Sasa kule kusubiri kwao kumekwenda wapi?"

Jibu lilikuwa miguuni mwetu. Kusubiri hakufutiki. Ukimwondolea mmoja, unakwenda kumtwika mwingine, na hakuna aliyetuuliza kama tuna nafasi begani.

Mbele yetu palikuwa na baba mmoja wa mjini, na watoto wake wawili. Alitusikia, akageuka kutusomesha. Alisema hiyo ni biashara, hata basi lina kiti cha mbele. Nikamwambia aliyekaa kiti cha mbele tunafika naye wakati mmoja. Akasema mwenye pesa si mwenzako, akageuka mbele, na watoto wake wakaendelea kuuliza bado, baba, bado?

Nilimwambia dada nikanunue bangili. Nilikuwa na akiba ya sikukuu. Alinikatalia kwa ule uso wake wa zamani, uso wa kuninyang'anya kisu.

"Nimpite mtu aliyenitangulia, halafu niende juu nikamtazame? Tusubiri zamu yetu."

Tukasubiri. Adhana ya Alasiri ikatoka kwenye simu ya mtu, na tulikuwa tumebakiza watu wachache tu mbele yetu. Mahali pa kuswalia palikuwa ng'ambo ya kiwanja, na dada asingeweza kwenda peke yake katika msongamano ule. Wala hakuwa mtu wa kuichelewesha sala kwa ajili ya bembea. Basi tukafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angekifanya bila kufikiri. Tulivua kandambili, tukazipanga vizuri katika foleni, zake kisha zangu, vidole vikitazama mbele. Nikamwambia mama aliyekuwa nyuma yetu, "Tunakwenda kuswali, viatu vyetu hivi hapa." Akasema haya. Tukavuka mchanga pekupeku.

Tuliporudi, mama yule alikuwa ameshapanda na kushuka, na baba wa mjini hakuwepo. Kandambili zetu zilikuwa kando ya chuma cha kuzuilia watu, moja imelala kifudifudi. Nilipoziokota na kutaka kuingia pale tulipokuwa, sauti zikapanda. Hao wametoka wapi? Nyuma huko! Nikasema tulikuwa hapa, tuliacha viatu. Mwanamume mmoja akasema, "Viatu si mtu, mzee." Watu wakamuunga mkono. Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya Idi na wanawe alisema wazi kwamba watu kama sisi ndio tunaoharibu utaratibu.

Hapo hasira zilinipanda mpaka meno yakaniuma. Si kwa sababu walikuwa waongo. Ni kwa sababu mlango wa bangili ulikuwa hatua chache kutoka hapo, watu wanaingia humo mchana kutwa, na hakuna aliyekuwa amenyanyua sauti. Sauti yao yote waliiweka akiba kwa ajili ya kandambili za mwanamke wa Miono.

Nikaenda kwa kijana wa langoni. Nilimweleza polepole: huyu ni dada yangu, macho yake yanakwisha, jua likizama haoni kitu, amekuja kutazama mara moja tu. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru.

"Pole, mzee wangu. Lakini kila mtu hapa ana sababu yake."

"Na wale wana sababu gani?"

"Wale wana bangili."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayekuambia mvua inanyesha.

Niliporudi, dada alikuwa amesimama pale nilipomwacha, kandambili mkononi, watu wanampita huku na huku. Alikuwa ameinua uso kulitafuta jua. Akanishika mkono na kusema kwa sauti ndogo, "Kanunue."

Nikadhani sikusikia.

"Kanunue hizo bangili. Mungu atanisamehe."

Nilikwenda mbio kwenye dirisha la tiketi. Binti wa dirishani alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Bangili za siku hiyo zimekwisha, Idi hii, watu wengi, nijaribu kuwahi siku nyingine. Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilirudi taratibu, kwa sababu sikutaka kufika. Kukosa bembea lilikuwa jambo dogo. Kilichoniuma ni kwamba walimfanya mtu yule aikane tabia yake ya maisha yote, na baada ya kuikana wakamwambia haina soko.

Tukaenda mwisho wa foleni. Huko mwisho palikuwa na watu wachangamfu, vijana wa karakana waliokuja kundi zima. Mmoja alitazama gurudumu akasema, "Aliye juu mngoje chini." Mwenzake akamjibu, "Hawa wakishuka wanapanda tena, utangoja mpaka Idi ya kuchinja." Watu wakacheka, hata dada akacheka. Mimi nilikuwa natazama vivuli. Kivuli cha kibanda cha bisi kilifika miguuni mwetu, kikapanda mpaka kwenye dira lake, na mkono wake ukazidi kunibana. Pwani yetu jua linazamia bara, kwa hiyo bahari ndiyo inayokuwa nyeusi kwanza. Nyuma yetu bado kulikuwa na wekundu, lakini upande wa maji, upande aliotaka kuuona, ulikuwa umeshafungwa.

Wakawasha taa za gurudumu, nyekundu na bluu. Watu wakashangilia. Dada akaniuliza wanashangilia nini, ndipo nikajua.

"Turudi, Dada? Tutakuja siku nyingine, tuwahi asubuhi."

"Zamu yetu imefika?"

"Inakaribia."

"Basi tupande. Nimesubiri."

Tulipanda Magharibi imeshaingia, na safari hii sala ndiyo iliyongoja. Kijana wa langoni alimshika dada kiwiko kwa adabu, akamkalisha, akafunga komeo. Tukanyanyuka. Upepo ukawa wa baridi na kelele za kiwanja zikabaki chini. Tulipofika kileleni, gurudumu likasimama ili kupakia wengine, na kibanda chetu kikawa kinayumba kidogo. Dada alikuwa ameshika chuma kwa mikono yote miwili, macho ameyafumbua wazi, anayageuza polepole upande mmoja na mwingine kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Nilitaka kulia lakini sikutaka asikie.

"Unaona nini?" akaniuliza.

Nje palikuwa na weusi, na taa za kiwanja. Nikamwambia naona mashamba ya chumvi.

"Na nyuma yake?"

"Mikoko. Na nyuma ya mikoko, bahari."

Upepo ulikuwa unamvuta mtandio, naye hakuurekebisha.

"Hayo uliniambia zamani," alisema. "Huku si Mbegani. Niambie ya leo."

Nikatazama chini. Nikamwambia naona foleni ndefu, imezunguka kibanda cha bisi, na watu wamewabeba watoto waliolala. Nikamwambia kando yao kuna mlango mwingine, uko wazi, na watu wanaingia.

"Na nyuma yake?" akauliza dada.

"Hakuna kitu, Dada," nikasema. "Pameisha hapo."