Osuri Iliyoangushwa na Helikopta

Mwaka huo tulikula unga wa njano. Ukimuuliza mtu wa rika langu, kutoka Sindo mpaka Kisegi, aliolewa lini, atahesabu kuanzia hapo: kabla ya unga wa njano au baada yake. Yalikuwa mahindi ya ng'ambo, ugali wake ulinuka gunia, na tuliula. Mvua ilikataa kuisha. Ziwa lilipanda likaingia mashambani, tukawa tunaua kambare kwa jembe katikati ya mahindi yetu. Hata wale wa kanisa la Jumamosi, ambao samaki asiye na magamba hawamgusi, walimla wakiangalia pembeni. Uhuru ulikuwa bado.

Unga huo uliletwa na helikopta ya jeshi. Wanaume wawili walioiendesha walirudi huku wakiwa wazee, wakaieleza habari hiyo vibaya, na mimi nimekaa hapo hapo.

Walikuja na gari la kukodi. Mmoja alikuwa mrefu, magoti yanakunjika kwa shida. Mwenzake alikuwa na kidude cha kusikilizia sikioni. Walikuwa wanatafuta kilima walichotua ujanani, na watu wa Sindo wakawaleta kwangu, maana kilima ni hiki. Nikawapikia chai. Mjukuu wangu, ambaye ni mwalimu, akakaa katikati akitafsiri. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaja na fimbo yake bila kualikwa, kama kawaida yake.

Wazee hao waliipenda ile mashine. Waliizungumzia kama wanaume wanavyomzungumzia fahali waliyemuuza zamani. Mrefu alisema ilitetemeka mpaka meno yakauma, na ukishuka, mikono bado inatetemeka, kikombe hukishiki. Rubani alikaa juu, injini mbele yake puani, magunia chini tumboni. Pua yenyewe ilikuwa nene, ukitua huioni ardhi. Unatoa kichwa dirishani na kuangalia chini ya bega lako. Mwenzake akasema joto la huku liliinyima nguvu, ikabidi wapunguze mzigo, na hata hivyo ilinyanyuka ikilalamika kama punda. Wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

"Na hatukuharibu hata unyasi wa mtu," mrefu akasema. "Tena palikuwa na binti mmoja hapa. Alisimama na jembe akatuonyesha pa kutua, kama askari wa uwanja wa ndege. Tumemkumbuka miaka yote."

Mjukuu alipotafsiri hilo, niliweka kikombe chini.

"Waambie binti huyo ni mimi," nikasema. "Na sikuwa nawaonyesha kitu. Nilikuwa nawafukuza."

Nikawaeleza, na hapa naeleza tena.

Mume wangu alikuwa kibarua mgodini, upande wa Migori. Mito ilijaa, barabara ikakatika, miezi miwili sikupata neno lake. Kisha ikaja habari ya mdomo tu: mgodi umeingia maji, kuna watu wamebaki ndani. Watu gani? Hakuna aliyejua.

Sasa, juu ya paa la nyumba yangu palikuwa na osuri. Ni kijiti kinachochomoza kwenye ncha ya paa, na kina maana moja: mwenye nyumba yuko hai. Akifa, kinaondolewa. Mpita njia akitazama paa anajua kama atasalimia au atatoa pole.

Siku helikopta ilipokuja mara ya kwanza, watu wote wa bondeni walikuwa wamepanda kwetu, kwa sababu kwetu ndiko kulikokuwa kukavu. Ikashuka katikati ya boma langu. Kuku walipeperushwa mpaka kwa jirani. Nyasi za paa zikasimama wima, osuri ikang'oka, ikaanguka miguuni pa mama mkwe. Yule mama hakuutazama unga. Alikitazama kijiti, akaanza kilio cha msiba, na waombolezaji walikuwa tayari wamejaa uani wakingoja unga.

Kabla unga haujaisha kugawanywa, shemeji alileta kiti chake. Huyu huyu aliyekuwa anakunywa chai yangu. Kiti cha mwanamume kikiingia kwa mjane, mwenyewe ameshaingia kumrithi. Akakiweka karibu na meko yangu.

"Nyar Migori," akaniita, yaani binti wa Migori, maana huko ndiko walikonitoa. "Kesho kina mama watakuja na wembe."

"Wembe wa nini?"

"Wa kichwa chako. Usijifanye mgeni."

"Kwani nani amekufa, shemeji?"

"Umeona mwenyewe."

"Nimeona ndege imepita juu ya nyasi."

Nilibeba kiti chake nikakitoa nje kwenye mvua. Hakikuwa kizito.

Asubuhi walikuja wanawake watano, wembe umefungwa kwenye kitambaa, mama mkwe nyuma yao. Nilikaa mlangoni na leso nimeifunga kichwani mafundo mawili. Nikasema: "Sinyoi nywele kwa sababu ya upepo."

"Mwanangu amekwenda," mama mkwe akasema, "na wewe unaringia nywele?"

Hilo lilinichoma, nisiseme uongo. Mimi pia usiku sikulala nikimwona kwenye maji. Nikamjibu, "Mama, kama amekwenda, siku hiyo nitanyoa mpaka nyusi. Nitanyoa kwa ajili yake. Si kwa ajili ya ndege ya wazungu."

Wakaondoka na wembe wao. Tangu siku hiyo nilikula peke yangu. Kwenye foleni ya unga nilipimiwa mwisho, na wanawake walivuta watoto wao nikipita, kama mtu mwenye upele. Osuri niliilaza juu ya mlango kwa ndani. Kupanda paa mwanamke hapandi, na mwanamume wa kunipandia hakuwepo.

Ile mashine iliporudi, nilikuwa nimeisubiri na jembe. Nilisimama katikati ya boma, vumbi la unga machoni, nikainyooshea jembe kuelekea uwanja wa kanisa. Nendeni huko. Hapa mmeshamuua mtu mmoja, inatosha. Rubani akatoa kichwa dirishani, akanipungia mkono, akaenda kutua kanisani. Nikadhani ameniogopa.

Wiki tatu baadaye mtu alisimama langoni, miguu imevimba, suruali imefungwa kwa kamba. Alikuwa ametembea kutoka Migori akizunguka kila mto. Hakuingia. Alitazama paa.

"Nani amekufa hapa?" akauliza.

"Wanasema wewe."

Akafikiri kidogo. "Na wewe ulisema nini?"

Nikafungua leso, akaona nywele zangu zote. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Alikwenda kukata kijiti kipya, kirefu kuliko cha kwanza, akapanda kukichomeka kabla hata hajala. Kisha akachukua kiti cha mdogo wake, kilichokuwa kimeoza miguu nje, akampelekea mwenyewe. Niliishi na mume wangu miaka mingi. Alipokufa, alikufa kitandani, nikimshika, na nilinyoa mpaka nyusi kama nilivyoahidi.

Mjukuu akamaliza kutafsiri. Mwenye kidude sikioni akasema kwamba kutoka juu waliona mapaa tu, kama uyoga. Hakuna aliyewaambia kile kijiti ni nini. Hawakujua.

"Kujua hamkujua," nikasema. "Kuangusha mliangusha. Kunyweni chai, inapoa."

Mrefu akavua kofia. Hapo ingeisha vizuri, lakini shemeji alikuwepo, na shemeji hajawahi kuacha kitu kiishe. Akagonga fimbo chini.

"Nyar Migori, si zingeota tena? Nywele huota. Ungenyoa tu siku ile, tukawa na amani. Hata leo ukikubali ulikosea, mimi nimeshasamehe."

Mama mkwe alishakufa, wale wanawake watano pia, na hakuna aliyebaki wa kunidai jibu isipokuwa huyu mzee na chai yangu mdomoni. Nikamtazama. Nikamjibu vile vile nilivyojibu mlangoni:

"Sinyoi nywele kwa sababu ya upepo."