Shingo ya Mbuzi wa Mdogo Wangu

Mbuzi yule alikuwa wa mdogo wangu. Hakuwa wa hospitali wala wa jeshi, na nalisema hili mwanzoni kwa sababu mpaka leo wapo watu wa mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, wanaomwita mbuzi wa daktari. Mdogo wangu alimfuga mwenyewe kule Mboko, na vita vilipofika huko alikimbia naye, kamba mkono mmoja, mtoto mkono wa pili. Njiani risasi ikampata mdogo wangu pajani. Tundu la nje lilipona upesi, tukamshukuru Mungu, kumbe ndani mshipa mkubwa wa damu ulikuwa umechanika na damu ikajitengenezea mfuko chini ya ngozi. Mfuko ule ulidunda. Ukiweka kiganja juu yake ulihisi moyo wa mdogo wangu mahali ambapo moyo haukai.

Nilikuwa muuguzi hospitalini Baraka na nilijua maana yake. Siku mfuko ule ungepasuka, damu ingemwagika yote kabla sijafika na bandeji. Njia ya kawaida ni kukata kipande kilichoharibika na kuziba pengo kwa mshipa wa juujuu uliotolewa mguuni, lakini mishipa ya miguu yake yote miwili ilikuwa imevimba na kujikunja tangu alipoanza kubeba mimba. Ndege ya kuchukua wagonjwa ilikuwa haitui tena. Kilichobaki kilikuwa kuufunga mshipa kabisa, na baadaye kuukata mguu. Mwanamke wa mguu mmoja, katika nchi ambayo watu wanalala na viatu tayari kukimbia!

Wakati huo tulikuwa na daktari mmoja, mtoto wa rasi ya Ubwari, aliyesoma na kufanya kazi ng'ambo. Alikuja kumzika mama yake, vita vikamfungia njia ya kurudi. Kazi yake huko ilikuwa kuwashonea kondoo, kwa majaribio, mirija ya kutengenezwa mahali pa mishipa ya damu, na mabaki ya mirija hiyo alikuwa nayo mkobani, myeupe, minene kama kalamu. Alinieleza kwamba mrija ukishashonwa, damu hupita ndani yake, nao huyeyuka polepole huku mwili ukijifumia mshipa wake mwenyewe palepale. Mwishowe mrija unakwisha na mshipa unabaki.

"Basi umushonee leo," nikamwambia.

"Hapana, Mama. Hii mirija imepita mu joto, mu mutumbwi, mu mvua. Kama inayeyuka mbio kupita vile mwili unajifuma, atakufa mu mikono yetu. Tujaribu kwanza mu mbuzi."

"Dokta, mudogo wangu anakufa na we unaniletea habari ya mbuzi?"

Nilimfokea kwa hasira. Yeye hakupandisha sauti. Aliyetupatanisha ni mdogo wangu mwenyewe, kutoka kitandani, akiniita dada kwa lugha ya kwetu: "Yaya, yangu iko pale inje. Mumukamate. Lakini mumulalishe vizuri, asisikie maumivu."

Kumlalisha mbuzi nako kukazua maneno. Mzee mmoja wa kamati ya hospitali alinisimamisha kwenye baraza, mbele ya wagonjwa. "Dawa ya usingizi juu ya mbuzi? Na bamama banapasuliwa, dawa iko haba?" Nilimjibu vibaya, kwa kuwa alikuwa na nusu ya haki na nusu hiyo ndiyo iliyonichoma. Dawa ilitoka kwenye chupa ndogo ya daktari mwenyewe, lakini chupa ile pia ingemfaa mama fulani. Najua kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ni mimi niliyemshika mbuzi yule kichwa, nikaona jicho lake likilegea. Anayetaka kunihubiria juu ya mbuzi, kwanza angekuja kuweka kiganja pajani pale.

Na kilichonikera zaidi ni wale kondoo wa ng'ambo. Daktari alisimulia habari zao bila kujua ananichoma: wana chumba chenye hewa safi, majani makavu ya kulalia, mtu wa zamu anayewapima homa. Kondoo! Sisi wodini wagonjwa walilala wawiliwawili kwenye godoro lililotoboka. Sikuwaonea kijicho wanyama wale, niliwakasirikia watu wanaojua kumtunza kondoo aliyepasuliwa na hawajui kutuma ndege Baraka.

Basi mbuzi akashonwa mrija shingoni, kwenye mshipa mkubwa, kwa uzi wa buluu. Aliamka akiyumba kama mlevi, na kesho yake akaomba majani ya muhogo kwa kelele. Tulimfunga nyuma ya wodi ya wazazi, bandeji shingoni, na waliokuja kuangalia wagonjwa wao walipita kumsalimu. "Mugonjwa ameamukaje?" wakimtania. Kila asubuhi daktari alimpapasa shingo na kusema panadunda. Lakini kudunda hakumwambii mtu ndani kukoje. Mrija ungeweza kuwa umeanza kuziba au kuoza, na njia ya kujua ilikuwa kungoja mwezi uishe, kumchinja na kuupasua mshipa ule. Wakati huohuo ngozi ya paja la mdogo wangu ilizidi kuwa nyembamba na kung'aa. Nilimkataza kukohoa, kana kwamba kikohozi kinasikia amri.

Mwezi haujaisha, asubuhi moja askari wakaja. Wale waliokuwa wakitawala mji msimu ule, na sina haja ya kusema ni wa upande gani, maana kwa mbuzi wote walikuwa upande mmoja. Waliikata kamba, wakamburuta na bandeji yake. Nilipiga kelele kwamba mbuzi ni mgonjwa. Wakacheka, wakasema wao ndio dawa.

Nilikaa chini palepale, juu ya kinyesi cha mbuzi, nikalia kwa hasira. Jibu la maisha ya mdogo wangu lilikuwa linakwenda kuchemshwa na chumvi.

Jua halijafika utosini tukaitwa kambini, daktari na mimi. Huko kwao shingo ya mbuzi ilikuwa fungu la komanda, mkuu wao, na mama aliyelazimishwa kuwapikia alipokuwa akiikata alikuta uzi wa buluu ndani ya nyama. Komanda alikuwa ameketi, shingo mbichi iko mbele yake kwenye sahani, bastola kando yake.

"Mulijua tutamubeba, njo maana mukamutia sumu," akasema. "Munataka kuniua?"

Mwizi anatushtaki kwamba tulijua yeye ni mwizi! Nilifungua mdomo, lakini daktari alikuwa hamsikilizi komanda hata kidogo. Alikuwa ameikodolea macho sahani. "Komanda, unikopeshe wembe," akasema. Akapewa, nadhani kwa mshangao tu. Akapiga magoti, akaupasua mshipa kwa urefu, akaufungua kwa vidole. Ndani palikuwa laini na safi kama ndani ya ganda la kunde. Hakuna donge la damu, hakuna palipooza. Mrija ulikuwa umeanza kulainika, na juu yake nyama ya mbuzi mwenyewe ilikwisha kutandaa.

"Iko wazi! Mama, kuya uone, iko wazi!" Akacheka kwa sauti, na mimi nikacheka, machozi yananitoka mbele ya bunduki zote zile.

"Munacheka?" Komanda alisimama. "Mumeharibu nyama ya baaskari bangu. Mutaleta mbuzi ingine, ya nguvu. Kama hapana, nitafunga dokta."

Tulirudi hospitalini mbio. Mchana uleule daktari alimlalisha mdogo wangu kwa dawa iliyobaki chupani, akampasua na kumshonea mrija. Alipomaliza, nilivishika vidole vya mguu wake na kungoja. Vilikuwa baridi kwanza. Kisha vikaanza kupata joto.

Mbuzi wa faini aliletwa na mjomba wetu kwa mtumbwi kutoka Ubwari. Nilikuwa radhi kumtosa ziwani kuliko kumpa mtu yule. Lakini mdogo wangu alikuwa amekwisha kuanza kutembea, na alichukua kamba mikononi mwangu. "Nitamupeleka mi mwenyewe, Yaya. Nataka aone huu muguu."

Nilimsindikiza. Alikwenda polepole mpaka kambini, akichechemea kidogo, akasimama mbele ya komanda na kukipandisha kitenge kovu lionekane. Komanda hakulitazama. Alimvuta mbuzi karibu, akampapasa shingo upande huu, akampapasa upande wa pili, taratibu, kwa makini kuliko daktari.

"Hii iko muzima," akasema.

Akaamuru mbuzi apelekwe jikoni.