Mama wa Mikate na Kilio cha Jirani

Mama wa mikate wa mtaa wetu amefariki. Habari niliipata kwa dereva wa pikipiki aliyekuwa akinipeleka sokoni. Alisema bila kugeuza kichwa, "Papa, haujasikia? Mama wa mikate alituacha." Nikamwambia asimame. Sikuwa ndugu yake wala rafiki wa karibu. Nilikuwa mteja tu, tena msumbufu, wa kulalamika kila mara kwamba mkate umeungua chini. Hata hivyo iliniuma, na nilirudi nyumbani kwa miguu.

Alikuja Bunia na mume wake kutoka upande wa Butembo, akajenga tanuru la matofali nyuma ya nyumba. Kila jioni, kabla ya kukanda unga, aliketi kwenye kigoda mbele ya mlango na kumuuliza kila apitaye, "Habari gani kwenu?" Kwake hiyo haikuwa salamu tu. Wanawake waliotoka Bogoro na mboga walimwambia kama njia ni shwari. Akisikia watu wanafunga magodoro, aliongeza unga, maana anayekimbia hufika na njaa. Akisikia harusi, aliongeza. Tetesi za risasi zikivuma mjini, alipunguza, kwa sababu kesho yake hakuna atakayetoka nje. Amani yetu ni ya kulala na viatu karibu na kitanda, na yeye alioka kwa kuijua hivyo.

Kisha mkwe wake akamletea tablete yenye programu. Jioni anaingiza alichouza, nayo inamwambia kesho aoke kiasi gani. Nisiwe mnafiki: ilifanya kazi. Mikate ya kulala ilipungua, na yeye akapata muda wa kupumzika. Kigoda kikaingia ndani. Nilipomtania kwamba siku hizi amekuwa bosi asiyesalimia watu, alicheka sana. "Papa, kuuliza-uliza watu ni ya nini tena? Programe njo inajua."

Jumapili moja mume wa jirani yake, wanayepakana naye ukuta kwa ukuta, akafia hospitalini. Mtaani kwetu chai na mkate wa asubuhi ya kwanza ya matanga huletwa na mwokaji. Hakuna anayeagiza, utamtumaje aliyefiwa kwenda kuagiza mkate? Jumatatu ile ikaja sinia moja tu ya mikate, na watu waliokuwa wametembea kutoka vijijini wakanywa chai tupu. Mama wa mikate alipofika kutoa pole, mjane alimwambia, "Dada yangu, siye tulilia tangu jana mangaribi. Weye haukusikia?" Yeye akajibu, masikini, kwamba programe ilisema siku ya lundi, yaani Jumatatu, watu hawanunui. Mjane akageuza uso, na nilidhani ujirani wao umekwisha pale pale.

Siku chache baadaye nilimkuta mama wa mikate nje, amerudi kwenye kigoda chake. Sikumuuliza kitu, akaanza mwenyewe. "Nilisikia, Papa. Nilisikia kilio kabisa. Nikaangalia mu tablete, ikasema kidogo, nikakanda kidogo." Alikuwa na haya usoni, na nilimhurumia.

Sitaki kusema mashine ni mbaya. Yeye mwenyewe hakuitupa. Iliendelea kumkumbusha unga unapokaribia kwisha. Lakini wafanyabiashara wetu wadogo wameanza kuipa hata kazi ya masikio. Namjua mwenye duka la dawa ambaye mtandao ukikatika hakuuzii hata kidonge cha homa anachokiona kwa macho yake kwenye rafu. "Système haiko," anasema, na wewe unatetemeka mbele yake. Programu hukumbuka wiki iliyopita, na katika mji wetu wiki ijayo haina desturi ya kufanana na iliyopita. Kuuliza si ujinga, walisema wazee, na mwenye duka anayeacha kuuliza atajua vizuri sana mambo ya jana.

Nilikwenda kwenye matanga ya mama wa mikate asubuhi ya kwanza. Tanuru lilikuwa baridi. Binti zake walikuwa wamekaa chini wakilia, na hakuna aliyekumbuka chakula. Mlango ukafunguliwa, akaingia yule mjane wa ng'ambo ya ukuta na wanawake wa mtaa, wamebeba masufuria ya chai na mabeseni ya mandazi ya moto, ya kutosha watu wote uani na wengine waliokuwa bado njiani. Binti mkubwa akasimama, ameduwaa. "Mama, nani alikutuma?"

Mjane akatua beseni na kujifuta mikono.

"Hakuna," akasema. "Nilisikia munalia."