Shangazi wa Ghorofa ya Pili

Kazini walimwita Shangazi, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa mpelelezi wa kitengo cha wizi na unyang'anyi katika makao makuu ya upelelezi ya jiji, na alikuwa na namna yake ya kumkalisha mtuhumiwa: amekula? mama yake anaendeleaje? mgongo bado unamsumbua? Mtu alikuja kushtukia ameshayamwaga yote ya moyoni kabla swali lenyewe halijafika. Wenzake, waliozoea kupiga meza, walikuwa wakisema, "Sisi tunatoa sauti, Shangazi anatoa siri."

Jengo lile lilikuwa na mpangilio wake. Chini, karibu na mapokezi, palikuwa na dawati la watu waliopotea, na benchi lake halikukosa mzazi. Watu wa wizi walikaa ghorofa ya pili. Juu yao walikuwa watu wa utapeli, wenye tai na majalada manene, kisha ndipo ukawafikia wa mauaji, halafu wataalamu wa alama za vidole na ofisi ya mkuu wa upelelezi. Lifti ilikufa zamani. Watu wa mauaji walijitania kwamba wamewekwa juu kusudi, kwa kuwa wateja wao hawana haraka. Na kila kitengo kilikuwa na mpaka wake: jalada likishapanda ngazi, wewe wa chini hulijui tena. Shangazi ndiye aliyewafundisha hilo wageni wa kazi. "Jalada la kitengo kingine ni mume wa mtu," aliwaambia. "Usilichungulie."

Asubuhi moja mkuu wa kitengo cha mauaji, ambaye wote walimwita Mzee wa Juu, alishuka mwenyewe. Hakuwa mtu wa kushuka. Aliwaomba wengine watoke, akavuta kiti.

"Shangazi," alisema, "mdogo wako amekutwa nyumbani kwake. Hatunaye tena."

Alisikia maneno, lakini yalichelewa kuingia. Mdogo wake yule alikuwa mshonaji, kitinda mimba wa mama yao, aliyebebwa mgongoni na Shangazi mwenyewe mpaka mbeleko ikachanika.

"Na mtoto wake?"

"Mzima. Yuko kwa jirani."

"Na mume wake?"

Mzee wa Juu alitazama sakafu. "Tuko naye kule kwetu."

Shangazi alishika ukingo wa meza. Shemeji yake alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, mwenye maneno ya kuhesabika. Siku moja alikuja kutengeneza jokofu kwa Shangazi, na Shangazi ndiye aliyempigia mdogo wake simu: njoo umwone kijana mwenye adabu. Ndoa ile aliifunga yeye, waweza kusema, kwa mdomo wake.

"Unaujua utaratibu," alisema Mzee wa Juu. "Ndugu wa marehemu hagusi jalada. Ukiitwa juu, utaitwa kama shahidi."

"Naujua, mzee."

Aliitwa baada ya mazishi. Alikaa kwenye benchi la korido pamoja na ndugu wa marehemu wengine, akisubiri zamu kama wao. Aliyemhoji alikuwa mwenzake wa kula naye mchana, na siku hiyo hakumwita Shangazi, alimwita mama. Mlizungumza naye lini mara ya mwisho? Aliwahi kumlalamikia mumewe? Alijibu yote. Mdogo wake aliwahi kulalamika, mara moja, kwa mzaha, na Shangazi akacheka naye.

Alipotoka, Mzee wa Juu alimsindikiza hadi kwenye ngazi.

"Shemeji yako hajafungua kinywa," alisema. "Anasema atazungumza na wewe tu. Sikuombi. Nakueleza kwa sababu utayasikia koridoni."

Mlango wa chumba cha mahojiano ulikuwa palepale, hatua chache tu. Shangazi alijua pa kuanzia. Angemtajia mtoto tu, kisha angenyamaza, na yule bwana angelia na kusema. Alijua vilevile kwamba wakili yeyote angelichana ungamo hilo vipande: dada wa marehemu, tena polisi, amejifungia na mtuhumiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa ameichagua yeye. Akashuka.

Habari ya jengo lile haikuchelewa kufika nyumbani. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, sasa pamoja na mjukuu, alimngoja jikoni.

"Wezi wa televisheni za watu unawasemesha," alisema. "Huyu aliyemuua mwanangu umemwachia ukimya wake."

"Mama, ningeingia mle, mahakama ingemwachia."

"Kumfunga ni kazi yenu. Mimi nilitaka kujua mwanangu alisema nini mwisho."

Tangu siku hiyo mama yake alizungumza naye kupitia mtoto: mwambie mama mkubwa wako chakula kiko mezani.

Kesi ilisimama bila ungamo. Ilikuwepo ripoti ya daktari, alikuwepo jirani aliyesikia ugomvi, na mikwaruzo mikononi mwa fundi ilisema yake. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Rufaa nayo ikatupwa. Kwa nini alifanya vile, hakuna aliyeambiwa.

Sasa hapakuwa na utaratibu wa kumzuia. Shangazi alikwenda gerezani akiwa na nguo za nyumbani. Shemeji yake aliletwa, amekonda, akakaa ng'ambo ya wavu.

"Umekula?" Shangazi alimuuliza. Ustadi wake wote ulikauka hapo. Alibaki na swali moja, akaliuliza kama lilivyo: "Alisema nini?"

Fundi alisogea karibu na wavu.

"Ungekuja siku ile, shemeji, ningekwambia. Nilikuwa nayo mdomoni. Sasa nimeshazoea kuwa nayo peke yangu." Akainuka kabla muda haujaisha, akamwomba askari amrudishe.

Nyumbani, mama yake alikuwa kitandani, mtoto amelala ubavuni pake. Njiani Shangazi alikuwa ametunga uongo mzuri: alikuita wewe, mama. Ulikuwa tayari ulimini.

"Nilikwenda kwake," alisema. "Amekataa kusema. Nilichelewa, mama."

Mama yake alimfunika mtoto shuka. Shangazi alidhani ndiyo basi. Kisha bibi yule akamvuta mjukuu taratibu, akasogea ukutani, akapapasa nafasi iliyobaki. "Vua viatu," alisema. "Mtoto anasumbuliwa na baridi upande huo."

Shangazi akalala palipokuwa pakilala mdogo wake alipokuja kuwatembelea, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Mzee wa Juu avute kile kiti, akalia kwa sauti.